Gloriosa: kwa nini ua hili la porini linawafia watu wengi bustanini

Mvua zikishakolea, pita njia yoyote yenye vichaka kuanzia Kilifi, Tanga, Bagamoyo mpaka Morogoro, na hata huko bara kwenye nyika za nyasi, utaliona tu. Kamba nyembamba ya kijani imejipandia kwenye kichaka, halafu juu huko maua mekundu yenye kingo za njano, petali zote sita zimegeuka nyuma zinaangalia juu, kingo zimejikunjakunja, ni kama moto mdogo umewashwa ndani ya majani. Hiyo ndiyo gloriosa, jina la kisayansi Gloriosa superba, na kwa maoni yangu hakuna ua la porini Afrika Mashariki linaloifikia kwa uzuri.

Shida inaanza pale mtu anapolitamani. Anachukua jembe, anachimba, anapeleka nyumbani, anamwagilia kila siku kwa upendo wote, na baada ya miezi michache limekauka na halirudi tena. Mwingine kaambiwa na jirani usiguse hiyo, ni sumu, wakati shangazi yake anasema hapana, hiyo ni dawa ya wazee. Mwingine kasoma mtandaoni kwamba ni aina ya lili, akatafuta maelekezo ya kupanda lili, akafuata kila kitu na bado halikuota. Wote hao wana kipande cha ukweli, ila vipande havijaunganishwa, na ukishajua mmea wenyewe unaishije utaona kumbe yote yanatoka sehemu moja.

Tuanze na hili la lili maana ndilo linalopotosha wengi. Gloriosa sio lili halisi. Lili halisi, yaani zile za jenasi Lilium unazoziona kwenye mashada ya harusi na misiba, ni mimea ya kaskazini mwa dunia, Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na hakuna hata moja ambayo asili yake ni Afrika huku kwetu. Zamani wataalamu wa mimea walikuwa na ukoo mmoja mkubwa wa lili wakawa wanaingiza humo karibu kila kitu chenye ua la vipande sita, vitunguu vilikuwa humo, aloe vera ilikuwa humo, na gloriosa pia. Vipimo vya DNA vilipoanza kutumika miaka ya 1990 ikaonekana wengi wa hao sio ndugu wa karibu kabisa, na mpangilio mpya uliotoka 1998 ukauvunja ule ukoo vipande vipande. Gloriosa ikapelekwa kwenye ukoo unaoitwa Colchicaceae, na ndugu yake maarufu humo ni kijimea cha Ulaya kinachoitwa Colchicum autumnale, ambacho kinatoa maua ya zambarau majira ya vuli ya kwao. Shika hilo jina la Colchicum, tutalirudia kwenye sumu.

Kwa mkulima wa bustani hii habari sio ya darasani tu. Lili halisi inaota kutoka kwenye kitunguu chenye magamba, na kitunguu hicho kinataka wiki kadhaa za baridi kabla hakijakubali kutoa maua, ndio maana mtu wa Dar akinunua lili za nje zinachanua mara moja halafu mwaka unaofuata anabaki na majani tu. Gloriosa haina kitunguu, ina kiazi, na haitaki baridi hata kidogo, inachotaka ni ukavu. Kwa hiyo maelekezo ya lili ukiyapeleka kwa gloriosa unakuwa umempa mgonjwa dawa ya mtu mwingine.

Na usichanganywe na majina ya kisayansi pia. Ukifungua vitabu vya zamani vya mimea ya Afrika Mashariki utakuta Gloriosa simplex, Gloriosa virescens, Gloriosa rothschildiana na mengine, moja la yale mafupi, moja la yale ya njano, moja la yale mekundu makubwa. Siku hizi wataalamu wengi wanayahesabu kuwa ni spishi moja tu, superba, ambayo inabadilikabadilika sana kutokana na inapoota. Inapatikana kuanzia Senegal mpaka Ethiopia, inashuka mpaka Afrika Kusini, halafu inaruka bahari iko India, Sri Lanka na Asia ya kusini mashariki. Ile ya Rothschild, ambayo ndiyo inauzwa sana kwenye maduka ya maua ya dunia, ilipewa jina hilo 1903 kwa heshima ya Walter Rothschild, tajiri wa Kiingereza aliyekuwa akikusanya wanyama na mimea, na asili ya mimea hiyo ilikuwa Uganda. Yaani mtu wa London anayenunua kiazi cha 'Rothschildiana' kwenye pakiti iliyotoka Uholanzi, ananunua kitu ambacho mababu zake walikuwa wakiota vichakani Uganda. Hilo huwa linaniuma kidogo, maana sisi wenyewe tunajaza bustani zetu mimea ya kutoka Amerika Kusini na kuipita gloriosa barabarani.

Wengine waliiona mapema. Zimbabwe wameifanya ua la taifa na inalindwa kisheria huko. Mwaka 1947 binti mfalme Elizabeth alipotembelea Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, na wazazi wake alipewa bruchi, yaani pini ya urembo ya kubandika kwenye nguo, ya almasi yenye umbo la gloriosa, zawadi ya kutimiza miaka 21 kutoka kwa watoto wa shule wa huko, na ndiyo aliyovaa Februari 1952 aliporudi London akitokea Kenya kupitia Entebbe, baba yake akiwa amefariki na yeye tayari ni malkia. Kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu nalo limelichukua kama ua lake rasmi. Japani wanalilima kama zao la maua ya kukata, na mkoa wa Kochi ndio unaoongoza.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe, na hapa ningeomba uende pole pole.

Ukifukua utakuta kiazi chenye umbo la herufi V au L, rangi ya kahawia, urefu wa vidole, laini kiasi na kinavunjika kirahisi sana. Kile kiazi hakina macho kila mahali kama kiazi ulaya. Kila mkono wa V una jicho moja tu, na liko kwenye ncha kabisa. Ukivunja ile ncha, huo mkono umekwisha, hautaota, haijalishi umebaki mnene na mzuri kiasi gani. Sasa fikiria mtu na jembe kwenye udongo mkavu wenye mawe, anapiga, anavuta kwa nguvu, anatoa kipande cha katikati kimebaki hakina ncha, anakwenda kukipanda kwa furaha. Huyo hakuharibu kitu bustanini, aliharibu kulekule porini kabla hajafika nyumbani, na mbaya zaidi ameacha kichaka hakina ua.

Kila mwaka mmea unafanya kitu ambacho watu hawakitarajii. Mvua zikianza, jicho linatoa shina moja, wakati mwingine mawili, linakimbia juu haraka mpaka mita mbili hivi, mara nyingine zaidi. Wakati huo huo kiazi cha zamani kinatumika kama akiba mpaka kinasinyaa, na kiazi kipya kinajengwa pembeni yake. Maua yanachanua, mbegu zinaiva, halafu majani yanaanza kuwa njano, shina linakauka lote mpaka chini. Haujafa huo, umelala. Kiazi kipya kiko ardhini kinangoja msimu, na akiwa amelala hataki maji kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoua mmea, majani yakianza kuwa njano mtu anadhani una kiu, anaongeza maji, udongo unabaki na unyevu wiki hata wiki, kiazi kinaoza kimya kimya huko chini, na mvua zikija hakuna kinachotoka. Ukiona njano baada ya maua, funga mpira wa maji na uachane nao.

Pwani yetu yenye masika na vuli inaweza kuwasumbua kidogo wenye bustani maana mvua zinakuja mara mbili, ila porini mmea unamudu vizuri tu kwa sababu umekaa kwenye mchanga ambao maji yanapita yakaenda zao. Kwa hiyo siri kubwa ni udongo. Kama kwako ni mchanga mchanga wa pwani, changanya na mboji kidogo na uko sawa. Kama ni mfinyanzi mweusi ule wa kushika maji, usipande chini kabisa, inua tuta au tumia chungu kikubwa chenye matundu, mchanga nusu, udongo na samadi iliyooza vizuri nusu. Kiazi kilaze, usikisimamishe, kifukie sentimita 5 mpaka 10, na ile ncha iangalie pale unapotaka shina litokee. Jua ni rafiki yake, ila mizizi inapenda kivuli, hivyo ukipanda pembeni ya kichaka kifupi inafurahi.

Na namna inavyopanda juu ni ya ajabu, inabidi uutazame kwa karibu. Gloriosa haijizungushi kwenye mti na haina mizizi ya kushika ukuta. Inachofanya, ncha ya kila jani imerefuka ikawa nyembamba, na ikigusa kitu chembamba inajisokota hapo na kushika. Jani lenyewe ndilo mkono. Maana yake haiwezi kushika nguzo nene wala ukuta wala bomba, inataka vijiti, waya, neti, seng'enge, au matawi membamba ya mmea mwingine. Watu wanaweka nguzo nzuri ya chuma halafu wanashangaa shina limelala chini. Funga neti ya kawaida kwenye hiyo nguzo au iache ipande ndani ya kichaka cha maua mengine, na kusema kweli hii ya kichaka ndiyo nzuri zaidi kwa macho, maana ndivyo ilivyo porini, huoni shina, unaona maua tu yamejitokeza. Shina likivunjika katikati ya msimu, kwa kawaida maua ya mwaka huo ndio basi, kwa hiyo weka mahali ambapo watoto hawapiti na mpira na mbuzi hawafiki.

Ua nalo lina mambo yake. Kichipukizi kinaning'inia chini kikiwa cha kijani, kikifunguka petali zinageuka nyuma na juu, mwanzo zina njano nyingi, kisha kadiri siku zinavyokwenda wekundu unapanda mpaka ua zima linakuwa jekundu iliyoiva. Ndio maana kwenye mmea mmoja unakuta maua ya rangi tatu tofauti na watu wanadhani ni mimea tofauti imechanganyika. Angalia pia katikati: ule mfereji mwembamba unaopeleka chavua kwenye ovari umepinda toka shinani ukaelekea pembeni, karibu pembe mraba, mbali na vichwa vya chavua vilivyotawanyika pande zote. Mpangilio huo unafanya ua lisijichavushe lenyewe kirahisi, linahitaji mgeni, hasa vipepeo wakubwa ambao mabawa yao yanagusa chavua wakiwa wanahangaika na asali. Huko Tamil Nadu ambako gloriosa inalimwa shambani kwa ajili ya mbegu, wakulima huwa wanachavusha kwa mkono, ua baada ya ua, asubuhi, kazi ya kuinama mistari mizima. Kwa bustani ya nyumbani ukitaka mbegu fanya hivyo hivyo, chukua chavua kwenye ua moja, gusisha kwenye ncha ya ule mfereji uliopinda wa ua la mmea mwingine.

Kwa nini watu walime shamba zima la mbegu za ua? Hapa ndipo sumu na dawa zinapokutana, na hapa ndipo jirani na shangazi wote wanapokuwa sahihi.

Kumbuka lile jina Colchicum. Mimea ya ukoo huu inatengeneza kemikali inayoitwa kolchisini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa kwenye Colchicum mwaka 1820, na mpaka leo inatumika hospitali kutibu gauti, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma mpaka mtu hawezi kuvumilia hata shuka. Mbegu za gloriosa zina kolchisini nyingi, ndiyo sababu zinalimwa India na kuuzwa viwanda vya dawa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pia kolchisini ya dozi ndogo kwa watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa hiyo anayesema ni dawa hajakosea.

Ila angalia inavyofanya kazi. Chembe hai ikitaka kugawanyika inajenga nyuzi nyembamba za protini ambazo zinavuta kromosomu, yaani vibeba vya urithi, upande huu na upande huu. Kolchisini inang'ang'ania zile protini na nyuzi hazijengeki, mgawanyiko unakwama katikati. Wazalishaji wa mbegu wanapenda sana jambo hili, maana mche ukipakwa kolchisini kromosomu zinaongezeka mara mbili lakini chembe haigawanyiki, unapata mmea wenye kromosomu maradufu, na tikiti maji lisilo na mbegu linaanzia hapo, unachukua tikiti la kromosomu maradufu unalichanganya na la kawaida, mtoto anakuwa na idadi isiyogawanyika vizuri na mbegu zinashindwa kukomaa. Kwenye mwili wa binadamu sasa, chembe zinazogawanyika kila saa ni zile za utumbo, uboho wa mifupa na vinyweleo. Ndio zinazopigwa kwanza. Aliyekula kiazi anaanza kuungua mdomo na koo, baada ya saa chache kutapika na kuharisha vibaya mpaka maji yanaisha mwilini, siku zinazofuata damu, figo na moyo vinaweza kushindwa, na aliyenusurika mara nyingi nywele zinamdondoka baada ya wiki moja au mbili. Hakuna dawa ya kuizima inayopatikana kwa kawaida hospitali, madaktari wanahangaika kumshikilia mgonjwa mpaka mwili upambane.

Tofauti kati ya dawa na kifo hapa ni kipimo. Kidonge cha gauti kina nusu miligramu hivi, kimepimwa kiwandani. Kiazi cha porini hakijapimwa na mtu, kimoja kinaweza kuwa na kidogo na cha pili yake nyingi, inategemea udongo, msimu, sehemu ya mmea. Ndio maana mimi siungi mkono kabisa mtu kutumia mizizi hii nyumbani, iwe kwa kuumwa na nyoka, iwe kwa minyoo, iwe kwa mama mjamzito, haijalishi nani kapendekeza. Na kuchemsha hakusaidii. Sri Lanka kuna watu waliokula viazi vya gloriosa vilivyochemshwa wakidhani ni viazi vya kawaida vya kula, wakafa. Mtu akila kwa bahati mbaya, hata kama bado anajisikia mzima, kimbia hospitali saa hiyo hiyo na ubebe kipande cha mmea uwaonyeshe, usikae kungoja dalili wala kumnywesha maziwa ukadhani umemaliza.

Wenye paka nao huwa wanauliza. Lili halisi zinaua figo za paka, hata chavua tu akijilamba. Gloriosa inaua kwa njia nyingine, ya kolchisini, na haichagui, iwe paka, mbwa, mbuzi au ng'ombe. Kwa hiyo kwenye hili la wanyama ile tofauti ya ukoo haikupi nafuu yoyote.

Je, mtu apande basi? Mimi nasema ndiyo, ila sio kila nyumba. Kama una mtoto wa umri wa kutia kila kitu mdomoni, subiri akue, hakuna ua lenye thamani hiyo. Usiipande karibu na shamba la viazi vitamu, magimbi au viazi vikuu, maana baada ya msimu shina limekauka na anayechimba hajui anachochimba. Vaa glavu ukishika kiazi maana utomvu wake unawasha ngozi ya baadhi ya watu, na ukikihifadhi kwenye mchanga mkavu kipindi cha usingizi, weka stoo mbali na jikoni na uandike jina kwenye boksi kwa herufi kubwa. Na walioko nje ya asili yake wawe makini pia, pwani ya mashariki ya Australia, Queensland na New South Wales, ilitoka bustanini ikaingia kwenye vilima vya mchanga na sasa ni magugu yanayofukuza mimea ya kwao. Kwetu hilo sio tatizo kwa sababu ipo nyumbani.

Na usichimbe porini. Acha kiazi kilipo, chukua mbegu. Baada ya maua linatokea tunda la kijani refu, likikauka linapasuka na ndani kuna mbegu za mviringo nyekundu za rangi ya machungwa. Chukua chache, acha nyingine kwa ndege na kwa kichaka. Toa ile nyama ya nje, loweka usiku mmoja, panda kwenye mchanga na mboji, weka kivulini penye joto na unyevu wa wastani, na uwe na subira maana zinaota kwa fujo, moja baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu. Msimu wa kwanza utapata kijani kidogo tu na kiazi cha ukubwa wa haragwe, kinalala, kinaamka kikubwa zaidi, na maua utayaona msimu wa tatu au wa nne. Ni kazi ya pole pole lakini mmea uliozaliwa kwako unazoea udongo wako na maji yako, na ukianza kutoa mbegu unatoa za kutosha mtaa mzima. Ukimgawia jirani, mwambie habari ya sumu kabla hujamkabidhi bahasha.